Njia Panda ya Kisian na Vyama Visivyohesabiwa

Ukitoka Kisumu mjini kwa barabara ya Busia, ukaupita uwanja wa ndege huku ziwa likibaki mkono wa kushoto, hutachelewa kufika Kisian. Hapo barabara inagawanyika. Moja inapanda kuelekea Maseno, Luanda, Yala na Ugunja, inakatiza Ugenya, kisha inafika mpakani Busia. Ya pili inafuata upande wa ziwa kupitia Holo na Kombewa hadi Bondo na Usenge. Watu wa mbali huijua Kisian kwa kituo cha utafiti cha KEMRI. Wenyeji wanaijua kama mahali pa kushuka matatu moja na kudandia nyingine, wakipishana na bodaboda na akina mama wenye mabeseni ya omena.

Kwa mtu anayefuatilia siasa, barabara hizo mbili zinabeba historia. Ile ya Bondo inakwenda nyumbani kwa Jaramogi Oginga Odinga na mwanawe Raila, familia iliyotoa mwelekeo wa kura za Waluo kwa zaidi ya nusu karne. Ile ya Busia inapita Ugenya, eneobunge ambalo mwaka wa 2019 na tena 2022 lilimpeleka bungeni David Ochieng kwa tiketi ya Movement for Democracy and Growth, MDG, chama ambacho Wakenya wengi hawajawahi kukiona hata kwenye bango. Naandika kuhusu chama hicho na vingine vya aina yake kwa sababu vimewafanyia watu wa kanda hii kazi kubwa isiyosemwa, na kwa sababu sheria yetu inavibana pasipofaa kubanwa.

Kitaifa, Kenya ni nchi ya kambi mbili. Mwaka wa 2007 ilikuwa ODM na PNU. Mwaka wa 2013 CORD na Jubilee, 2017 NASA na Jubilee, 2022 Azimio na Kenya Kwanza. Katika uchaguzi huo wa mwisho William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49, Raila Odinga akiwa na 48.85. George Wajackoyah wa Roots na David Mwaure wa Agano waligawana makombo ambayo kwa jumla hayakufika asilimia moja. Katiba yenyewe ndiyo inayowasukuma wanasiasa huko: Kifungu cha 138 kinamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu ya zote 47. Hakuna kabila wala chama kinachofikisha hesabu hiyo peke yake, kwa hiyo wakubwa huanza kuwatafuta wadogo miezi mingi kabla ya kura kupigwa.

Msomi Mfaransa Maurice Duverger alieleza mapema miaka ya 1950 kwamba mahali ambapo kila eneo lina kiti kimoja na mwenye kura nyingi ndiye anayekichukua, vyama huelekea kubaki viwili, maana mtu hapendi kupiga kura ikapotea. Marekani inathibitisha: mwaka wa 1992 Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura za wananchi, na hakuambulia hata kura moja ya wajumbe wanaomchagua rais. Lakini Duverger hakuwa akifikiria Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Huku kando ya ziwa, kambi mbili za kitaifa hazikutani kijijini. Kijijini kuna kambi moja. Jubilee haikuwa mshindani wa kweli Kisian, na UDA ya Ruto ya 2022 vivyo hivyo. Mpinzani wa ODM, chama cha Raila, katika kiti cha ubunge au cha wadi, anapokuwepo wa kutisha, hutoka katika chama kidogo au husimama kama mgombea huru. Kwa hiyo kile ambacho Nairobi wanakiita chama cha tatu au cha kumi, kwa mpigakura wa hapa ndicho cha pili. Kikiondoka, anabaki na jina moja lenye maana kwenye karatasi.

Kila mtu wa kanda hii anajua kwamba uchaguzi wenyewe ni mchujo wa ODM. Anayeshika cheti cha chama huanza kupokea pongezi miezi kabla ya Agosti. Na kila mtu anajua pia malalamiko yanayoandamana na mchujo huo: karatasi za kura zinazofika jua likiwa limekwisha kuzama, matokeo mawili ya kituo kimoja, cheti cha moja kwa moja kinachotolewa makao makuu kwa mtu ambaye wenyeji hawakumchagua. Siaya, Januari 2013, mvutano wa tiketi ya ugavana ulikuwa kati ya Oburu Odinga na William Oduol. Chama kiliwaweka kando wote wawili, kikampa tiketi Cornel Rasanga. Oduol akahamia National Agenda Party of Kenya na kupeleka kesi yake kwa wananchi. Hakushinda, lakini kaunti nzima ilipata nafasi ya kuulizwa tena swali ambalo lilikuwa limejibiwa chumbani.

Migori, mwaka huohuo, jibu lilikuwa jingine. Zachary Okoth Obado alichukua tiketi ya People's Democratic Party, PDP, na kumshinda mgombea wa ODM, Profesa Edward Oyugi. Ni kaunti iliyompa Raila kura za urais kwa wingi siku hiyohiyo. Na Kisumu Magharibi, eneobunge ambalo Kisian imo ndani yake, lilimrudisha bungeni John Olago Aluoch, safari hii si kwa ODM bali kwa Ford-Kenya.

Tazama mpigakura anavyogawa kura zake hivyo akiwa ndani ya kibanda. Anapewa karatasi sita, na nje yanamngoja masanduku sita yenye vifuniko vya rangi tofauti: nyeupe ya rais, buluu ya gavana, manjano ya seneta, kijani ya mbunge, na mbili za mwakilishi wa kike na mwakilishi wadi. Jukwaani ameambiwa apige suti, yaani vipande vyote sita vya chama kimoja. Raila mwenyewe aliwaomba watu wake hivyo katika uchaguzi mmoja baada ya mwingine, na sababu ilikuwepo: rais bila wabunge na magavana wake angefungwa mikono. Mpigakura wa Migori alimpa Raila karatasi nyeupe, kisha akaichukua ile ya buluu na kuweka alama kwa PDP. Wachambuzi wa Nairobi hupenda kusema kura za Nyanza hupigwa kama kondoo wanavyofuata mchungaji. Karatasi hizo mbili za mtu mmoja, zilizotumbukizwa dakika moja, zinawakanusha. Alitofautisha kati ya mtu anayetaka aongoze nchi na mtu anayetaka asimamie zahanati na barabara za kwao. Asingeweza kufanya hivyo kama PDP isingekuwepo kwenye karatasi.

Vyama vikubwa viliona. Mwaka wa 2013 mchujo ulifanyika siku ya mwisho mwisho, ukigusana na tarehe ya kupeleka majina kwa tume ya uchaguzi, ili atakayeshindwa akose muda wa kuhama, na bado watu walihama usiku. Baadaye sheria ikakazwa. Leo Sheria ya Uchaguzi inakitaka chama kipeleke orodha ya wanachama wake siku 120 kabla ya uchaguzi. Mchujo hufanyika baada ya hapo. Aliyeibiwa kura kwenye mchujo wa Aprili anakuta mlango wa vyama vingine umefungwa, na njia iliyobaki ni kuwa mgombea huru, ambaye kwa mujibu wa Kifungu cha 85 cha Katiba asiwe mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya kura.

Ndiyo maana mwaka wa 2017 sura ilibadilika. Shakeel Shabbir alishinda Kisumu Mashariki akiwa mgombea huru. Mark Nyamita akashinda Uriri, Migori, vivyo hivyo. Jack Ranguma, gavana wa kwanza wa Kisumu, naye alijaribu njia hiyo baada ya kuikosa tiketi, akashindwa na Anyang' Nyong'o. Watu wengi walishangilia wagombea huru kama ushahidi wa ukomavu. Mimi nasikitika. Mgombea huru akimaliza muhula wake hakuna kinachobaki: hakuna ofisi, hakuna wanachama, hakuna diwani wa chama chake atakayeendelea kuuliza maswali kwenye bunge la kaunti. Na hana sehemu katika mgawo wa viti vya uteuzi ambavyo Katiba inavigawa kwa vyama.

Ugenya inaonyesha tofauti hiyo. David Ochieng alikuwa mbunge wa ODM kuanzia 2013. Mwaka wa 2017 aligombea kwa MDG, akashindwa na Chris Karan wa ODM, akaenda mahakamani na uchaguzi ukabatilishwa. Aprili 5, 2019 wananchi walirudi vituoni, ODM ikiwa imemwaga vigogo wake wote huko, na MDG ikashinda kwa tofauti ya kura zisizofika elfu mbili. Mwaka wa 2022 ikashinda tena, na katika Kaunti ya Kisumu Ranguma akasimama kwa tiketi ya chama hichohicho kuwania ugavana. Alishindwa. Lakini chama kilichoanza kama kimbilio la mtu mmoja kilikuwa kimepata maisha ya kuwapokea wengine.

Na kiti kimoja cha Ugenya kilishiriki kuyumbisha Bunge zima. Baada ya uchaguzi wa 2022 Azimio ilikuwa na wabunge wengi kuliko Kenya Kwanza kwa hesabu ya mikataba ya miungano. Oktoba 2022 Spika Moses Wetang'ula aliamua kwamba wabunge 14 wa vyama vinne vidogo, UDM, Maendeleo Chap Chap, Pamoja African Alliance na MDG, wahesabiwe upande wa Kenya Kwanza. Kwa uamuzi huo Kenya Kwanza ikawa na 179 na Azimio 157, na uongozi wa walio wengi ukahama. Februari 2025 Mahakama Kuu ikasema Spika alikosea. Tuache mabishano ya kisheria. Vyama ambavyo ukivijumlisha havijazi basi moja ndivyo vilivyoamua nani aongoze shughuli za Bunge. Wetang'ula mwenyewe ni mtoto wa chama kidogo: Ford-Kenya ndiyo iliyompa uzito wa kudai kiti cha Spika, kama ANC ilivyompa Musalia Mudavadi wadhifa wa Mkuu wa Mawaziri.

Hapa ndipo penye uchafu, na sitaufunika. Vyama vidogo vingi Kenya ni vya mkobani. Huandikishwa ili vikodishwe. Mwenye chama hungoja mwaka wa uchaguzi, akauza tiketi kwa waliokataliwa kwingine, kisha akaingia kwenye muungano na kupewa kazi. ANC ilivunjwa na kumezwa na UDA Januari 2025, na aliyeipigia kura kijijini Vihiga hakuwa na karatasi ya kuamulia jambo hilo. Obado naye, aliyebebwa na wananchi dhidi ya ODM mwaka wa 2013, alikuwa mgombea wa ODM mwaka wa 2017. PDP ilibaki ganda.

Lakini tuulize kwa nini vyama hivi havina mizizi. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inakitaka chama kiwe na angalau wanachama 1,000 waliosajiliwa kuwa wapigakura katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu ya zote, yaani angalau kaunti 24. Nia ilikuwa njema. Tulitoka kwenye moto wa ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, na Katiba, katika Kifungu cha 91, ikakataza vyama vya kabila au eneo. Matokeo yake hata hivyo ni haya: wavuvi wa Usenge, wakulima wa miwa wa Muhoroni na wachuuzi wa Kisian hawawezi kuunda chama chao cha kaunti nne za ziwa hata wakiwa laki mbili. Lazima watafute majina Mandera na Kwale. Kwa sababu hilo ni kazi ya pesa nyingi, ni rahisi zaidi kununua chama kilichokwisha kuandikishwa. Sheria iliyotaka kuua vyama vya mkobani ndiyo inayovipa soko.

Fedha nazo zinafuata mkondo huohuo. Hazina ya Vyama inapaswa kupata asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Kwa sababu ya kiwango cha kura kilichowekwa na sheria, baada ya uchaguzi wa 2017 vyama viwili tu vilistahili mgawo: Jubilee na ODM. Marekebisho ya 2022 yalilegeza, idadi ya viti nayo ikaanza kuhesabiwa. Ni hatua. Hata hivyo, siku ya kura chama kidogo bado hujulikana kwa kukosa mawakala. Fomu ya matokeo ya ubunge, 35A, hubandikwa mlangoni mwa kituo ikiwa na saini za mawakala. Mgombea wa chama kikubwa ana wakala kila chumba. Wa chama kidogo ana binamu yake katika vituo vichache, na kwingine anategemea uaminifu wa watu asiowajua.

Jirani zetu wa Tanzania wamebana zaidi: chama kinahitaji wanachama katika mikoa isiyopungua 10, na mgombea binafsi haruhusiwi kabisa, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilisema mwaka wa 2013, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki. Hata hivyo chama kidogo kiliokoa siasa ya Zanzibar. Machi 2019, baada ya mahakama kuuacha uongozi wa CUF mikononi mwa Profesa Ibrahim Lipumba, Maalim Seif Sharif Hamad, kinara wa upinzani Zanzibar, alihamia ACT-Wazalendo, chama kilichoandikishwa mwaka wa 2014 na ambacho Pemba kilikuwa jina tu. Matawi ya CUF yalipakwa rangi mpya kwa siku chache. Watu hawakulazimika kuacha siasa zao kwa sababu ya hukumu, maana palikuwa na chama kingine cha kuingia.

Nyanza inapaswa kulielewa jambo hili kuliko kanda nyingine yoyote. Baada ya mkutano wa Limuru wa Machi 1966 kumvua Jaramogi nafasi yake ndani ya chama tawala, KANU, aliondoka na kuongoza Kenya People's Union. Serikali ikabadilisha Katiba haraka ili waliohama warudi kwa wapigakura, na katika uchaguzi mdogo wa Juni KPU ikapata viti 9 kati ya 29. Ilikuwa chama kidogo, na ilikuwa upinzani wote wa nchi. Oktoba 25, 1969 Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo wazee wanaiita Russia hadi leo. Maneno yalichemka, risasi zikafyatuliwa, watu wakafa. Siku tano baadaye KPU ilipigwa marufuku. Wakati huo kosa la mtu wa KPU lilikuwa moja: kukataa kuwa ndani ya chama cha wote.

Baadaye kanda hii ilijenga vyama vyake upya kwa kutumia magamba ya vyama vidogo. Ford-Kenya ya Jaramogi ilitawala hapa mwaka wa 1992. Alipofariki Januari 1994 ukatokea mvutano wa urithi, na Raila, baada ya kushindwa, akahamia National Development Party, chama ambacho wengine walikuwa wamekwisha kukiandikisha na ambacho hakuna aliyekiogopa. Mwaka wa 1997 trekta, alama ya NDP, ilifagia Nyanza na kumpa nafasi ya tatu katika urais, na lakabu ya Tinga ikamganda. Ford-Kenya, iliyokuwa kila kitu miaka mitano kabla, ikawa chama cha Bungoma. Hakuna aliyemwita Raila msaliti kwa kutoka, au waliomwita wamesahau. Kwa hiyo naumia ninaposikia, katika mikutano ya kampeni ya kanda hiihii, mgombea wa MDG au wa chama kingine akiitwa mtu aliyenunuliwa kwa sababu tu hakusimama kwa chungwa la ODM. Mwingine hurushiwa mawe. Kijana anayemrushia mawe hajui kwamba babu yake alikuwa mwanachama wa chama kidogo na aliteswa kwa sababu hiyo.

Tangu Julai 2024, wakuu wa ODM kama John Mbadi na Opiyo Wandayi walipoteuliwa katika baraza la mawaziri la Rais Ruto, hata ule upinzani wa kitaifa uliokuwa ukitetea suti umeyeyuka. Wandayi alipoacha kiti cha Ugunja, uchaguzi mdogo wa Novemba 2025 ulikwenda kwa ODM. Wakati huo Raila alikuwa amekwisha kufariki, Oktoba 15, na kuzikwa Bondo. Chama kimeshika mashina yake bila yeye, angalau kwa sasa. Lakini hoja ya vipande sita ilikuwa yeye. Mpigakura aliyemeza mgombea asiyemtaka ili Baba, kama Raila alivyoitwa, asikwame sasa hana sababu hiyo, na atatazama karatasi ya kijani na ya buluu kwa jicho jipya. Atakachokuta kimeandikwa humo kitategemea kalenda.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Ukihesabu siku 120 nyuma unafika katikati ya Aprili. ODM ikitaka kuonyesha kwamba haiogopi wananchi wake, ifanye mchujo kabla ya tarehe hiyo, aliyeshindwa kwa haki akubali na aliyedhulumiwa apate pa kwenda. Bunge likitaka kusaidia, linaweza kuruhusu chama kiandikishwe kwa ajili ya viti vya kaunti pekee, kwa idadi ya wanachama inayolingana na kaunti hizo, bila kugusa masharti ya wanaowania urais. Na wale wanaojiandaa kuikimbia ODM wasingoje kukimbizwa. Wajiunge na chama chao sasa, wafungue ofisi Kisian, Ukwala na Awendo, waandike wanachama kwa majina yao halisi, na watafute mawakala wa kila kituo wakiwa bado na mwaka mkononi. Ochieng alishindwa mara moja akiwa na MDG kabla ya kushinda nayo mara mbili.